Riteina na Ulimi wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Siku ya kuondolewa vyuma vya meno huwa ni siku ya furaha. Kijana aliyevivumilia kwa miezi kumi na minane au zaidi, akasahau ladha ya mahindi ya kuchoma na kuzoea kufunika kinywa kwa kiganja kila alipocheka, hutoka kwa daktari akiupitisha ulimi juu ya meno yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Furaha hiyo aghalabu haimalizi hata saa moja. Kabla hajaaga, hukabidhiwa kijisanduku cha plastiki chenye kifaa kingine: ama kibamba kinacholala juu ya kaakaa kikiwa na waya unaozunguka meno ya mbele, ama ganda angavu linalovishwa juu ya meno yote. Huambiwa akivae usiku na mchana, akivue wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Kifaa hicho ndicho kinachoitwa riteina, na ndicho ambacho vijana si haba hukitia kabatini kabla ya muhula kwisha.

Ni hasara kubwa, na sababu yake haijadiliwi inavyostahili. Mtu aliyestahimili vyuma kwa mwaka na nusu hashindwi na maumivu ya kibamba cha plastiki. Linalomshinda, hasa akiwa mwanafunzi wa lugha, ni aibu ya matamshi. Aibu hiyo ina dawa, tena dawa yenyewe imo katika idara za Kiswahili kuliko ilivyo katika kliniki za meno.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini kifaa hiki si pambo la ziada. Wengi hudhani kwamba jino limepigiliwa katika taya mithili ya msumari ubaoni. Sivyo. Jino limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi ndogo, na ni kwa sababu hiyo vyuma huweza kulisogeza: upande linakosukumwa mfupa huliwa, upande linakotoka mfupa mpya hujengwa. Vyuma vinapoondolewa, jino limekwisha kufika mahali papya, ilhali nyuzi zake bado zinavuta kuelekea mahali pa zamani. Zile zilizo kati ya jino na mfupa huchukua takriban miezi mitatu au minne kujipanga upya. Zile za ufizi, zinazolikumbatia jino shingoni, ni kaidi zaidi; huweza kuendelea kuvuta kwa karibu mwaka mzima. Isitoshe, ulimi na midomo havijaacha kusukuma. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Kwa jino, methali hiyo ina upande wa pili, kwamba lililokunjwa likiwa bichi hukunjuka upesi vilevile.

Takwimu zipo, na hazifurahishi. Katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle nchini Marekani, Robert Little na wenzake waliwafuatilia watu walionyooshwa meno baada ya kung'olewa baadhi ya magego madogo, na ambao walikuwa wameacha riteina. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981, miaka kumi baada ya kifaa kuwekwa kando, ni chini ya asilimia 30 ya watu 65 waliobaki na meno ya mbele ya chini yaliyopangika kwa kiwango cha kuridhisha. Mwaka 1988 wakachapisha matokeo ya miaka ishirini, na safari hii waliosalia vizuri walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Jambo la kutia wasiwasi zaidi ni kwamba watafiti hao hawakupata dalili ya kuaminika ya kutabiri ni nani ambaye meno yake yangerudi na ni nani ambaye yangetulia. Ndiyo maana madaktari wengi leo hawasemi tena kuhusu mwaka mmoja au miwili. Husema kwamba baada ya miezi ya mwanzo riteina ivaliwe usiku, kwa muda wote ambao mwenyewe anataka meno yake yabaki yalivyo. Kauli hiyo huudhi, lakini ina msingi, kwani hata asiyewahi kuvaa vyuma huyaona meno yake ya mbele ya chini yakisongamana umri unaposonga.

Riteina si za aina moja. Ile ya kibamba na waya ilielezwa na Mmarekani Charles Hawley mwaka 1919, na hadi leo hujulikana kwa jina lake. Ganda angavu ni la baadaye sana. Upo pia waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele na kuachwa humo. Huo haumsumbui sana msemaji, ila humsumbua kila anapojaribu kusafisha katikati ya meno. Kwa mwanafunzi wa lugha, ile ya Hawley ndiyo korofi kuliko zote.

Fonetiki ya mwaka wa kwanza inatosha kueleza kwa nini. Ufizi, yaani ule ukingo ulio nyuma tu ya meno ya juu, una shughuli nyingi mno katika kinywa cha msemaji wa Kiswahili. Hapo hutamkwa vipasuo t na d, nazali n, kitambaza l, kimadende r, na vikwamizo s na z; hatua moja nyuma yake zinakaa sh na ch. Kibamba cha riteina, chenye unene wa milimita mbili hivi, hulala juu ya uwanja huohuo. Sauti nyingi huvumilia. T hubaki kuwa t hata ikisikika nzito kidogo. Isiyovumilia ni s. Sauti hii huhitaji mfereji mwembamba katikati ya ulimi, ambao huipeleka hewa kwa kasi hadi kwenye makali ya meno ya mbele. Nafasi hiyo ikipungua kwa milimita mbili, mfereji hukosa pa kukaa. Ulimi hukimbilia mbele, ncha yake hugusa meno, na kinachotoka hukaribia th. Ndugu yake ghuna, z, naye hukaribia dh.

Katika lugha isiyotofautisha s na th, hayo yangekuwa kichekesho cha siku mbili. Kiswahili sanifu huzitofautisha. Mwenye riteina mpya akisema anatafuta samani, husikika akitafuta thamani. Akionya kuhusu sumu, msikilizaji hudhani anataja thumu ya kutia katika mchuzi. Na katika ukumbi wa mihadhara, mahali ambapo zana na dhana hutajwa ndani ya sentensi moja, anayesimama kuwasilisha zana za uchanganuzi hujikuta akiwasilisha dhana za uchanganuzi, na hakuna wa kumsahihisha kwa kuwa zote mbili zina maana. Kwa anayesema Kimvita mambo huzidi, maana lahaja hiyo hutenganisha t ya meno na t ya ufizi. Masafa kati ya sauti hizo mbili ni mafupi, na kibamba hakiyarefushi.

Kisha kuna kicheko. Katika vyuo vya Kenya, matamshi hayajawahi kuwa suala la fonetiki peke yake. Ulimi ukiteleza, wasikilizaji huusikia mara moja kama ishara ya lugha ya kwanza ya msemaji, na kutoka hapo kama ishara ya kwao. Kijana aliyetamka s yake sawasawa tangu utotoni anajikuta amewekwa katika kundi ambalo yeye mwenyewe, pengine, alikuwa akilicheka mwaka uliopita. Laiti kicheko hicho kingemfunza huruma! Mara nyingi humfunza kunyamaza.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea ualimu wa Kiswahili. Juma moja baada ya kupewa riteina, ana zamu ya kughani shairi mbele ya darasa. Ana njia tatu: kughani akiwa ameivaa na kuchekwa, kuivua kwa dakika kumi na kuirudisha, au kuiacha bwenini siku hiyo nzima. Ya tatu ndiyo rahisi. Kesho yake pana kundi la majadiliano, kesho kutwa pana mdahalo wa chama, Jumapili ana somo la kusoma kanisani. Baada ya mwezi anaijaribu tena, inabana, meno yanauma, naye anakata shauri kwamba kifaa kimepinda. Kifaa hakijapinda. Meno ndiyo yaliyohama. Mzazi aliyelipa gharama ya vyuma kwa awamu, pengine huku karo ikimsubiri, hana habari, na hatakuwa na habari hadi siku ya picha za mahafali.

Hapa ndipo wanaisimu wanapokuwa na la kusema. Kumpachika mtu kifaa kinywani na kusikiliza anavyojirekebisha si jambo geni katika maabara za fonetiki. Wapo wanafonetiki ambao huvaa kaakaa bandia lenye vipima umeme ili wajue ulimi unagusa wapi. Mwaka 1997, Shari Baum na David McFarland walichapisha utafiti ambamo wasemaji walivishwa kaakaa bandia lililoufanya ufizi kuwa mnene. Mara tu walipolivaa, s iliharibika. Wakapewa zoezi la takriban saa moja la kusoma matini yaliyosheheni sauti hiyohiyo, na mwisho wa zoezi s ilikuwa imeboreka waziwazi. Ni saa moja tu, tena ya kusoma kwa sauti. Ulimi hupata mahali papya pa kukaa kwa kuongozwa na sikio, na sikio haliwezi kuongoza kinywa kilichofungwa. Anayevaa riteina usiku akilala na kuivua kila anapotaka kusema amechagua njia ndefu kuliko zote: kila asubuhi ulimi unarudi kuwa mgeni.

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu apewe jembe siku ya kwanza. Mwenye riteina mpya na asome gazeti kwa sauti chumbani kwake, polepole, akizipa s na z nafasi yake, kwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Wanafunzi wa fasihi simulizi wana silaha nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni vitanza ndimi. Utanzu huu hufundishwa kana kwamba kazi yake ni kuwachekesha watoto, jambo ambalo ni kuudunisha. Hebu mtu ajaribu kusema mara kumi, akiwa na kibamba kaakaani, kwamba shangazi Salma asuza sahani sitini za shaba. Atajua ni kwa nini waliotangulia waliuthamini mchezo huo. Tungo za namna hii mwanafunzi anaweza kujitungia mwenyewe, akichanganya s na sh, kisha z na dh, kulingana na sauti inayomtoroka. Plutarch alisimulia kuhusu Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens ya kale, kwamba alijizoeza kuhutubia akiwa na vijiwe kinywani. Iwapo kisa hicho ni cha kweli au ni cha kubuni, angalau Demosthenes hakuvitema vijiwe kila alipoona watu wanakuja.

Yapo mengine ya siku za mwanzo ambayo hayana budi kutajwa, ingawa si ya kutisha. Mate hujaa, kwa kuwa kinywa hukichukulia kifaa kuwa chakula. Baada ya siku chache hupungua. Meno huuma kidogo. Ukingo wa plastiki au waya ukichubua ufizi au shavu, mwenyewe arudi kwa daktari aupunguze, wala asijaribu kuukunja kwa koleo.

Suala zito zaidi ni la wahadhiri. Mtihani wa isimujamii au wa fasihi simulizi unaofanywa kwa mdomo huwa na alama za matamshi, na ni haki uwe nazo, maana mwalimu wa kesho hawezi kuhitimu akiwa hajui tofauti ya dhana na zana. Lakini kosa la umilisi si sawa na kikwazo cha kifaa. Anayejua tofauti ya sauti mbili na kuzuiwa na plastiki asizitoe kwa majuma mawili hajakosa Kiswahili. Idara zingefanya vyema kuwa na utaratibu mdogo tu: mwanafunzi aliyevishwa riteina karibuni aruhusiwe kusogeza zamu yake kwa majuma mawili au matatu, bila kulazimika kujieleza mbele ya darasa zima. Utaratibu huo hauhitaji kamati. Wapo watakaosema kwamba ni afadhali aivue tu kwa dakika hizo kumi. Kwa mara moja, haidhuru. Hata hivyo, chuo kizima ni mfululizo wa dakika kumi, na aliyeruhusiwa kuivua mbele ya mhadhiri hujiruhusu kuivua mbele ya kila mtu.

Msomaji mwingine atauliza kama mada hii si ya ulimbwende, ya watoto wa wenye nacho, katika nchi ambamo wengi humwona daktari wa meno wakati wa kung'oa tu. Swali hilo lina uzito. Ni kweli vile vile kwamba mafundisho ya uzuri wa meno hayakuanzia katika kliniki. Waswahili na majirani zao wamesifu mwanya tangu zamani, na jamii kadhaa za Kenya, wakiwamo Waluo na Wamaasai, ziliyang'oa meno ya mbele ya chini kwa desturi zilizokuwa na sababu zake. Kila zama na meno yake. Hata hivyo, hoja hapa si kama vyuma vivaliwe. Aliyekwisha kuvivaa amefanya uamuzi, fedha zimetumika, mfupa umejengwa upya. Swali lililobaki ni kama vyote hivyo vipotee kwa sababu ya kicheko. Na si wote walionyooshwa meno kwa ajili ya picha. Wapo ambao hawakuweza kuuma mkate kwa meno ya mbele, na wapo ambao meno yaliyopandana yaliwazuia kusafisha ipasavyo yakaanza kuoza. Kuhusu mwanya, kuna jambo la kuchekesha kidogo: aliyeamua kuuziba ndiye anayepaswa kujihadhari zaidi, kwani ni miongoni mwa vitu vinavyorudi kwa urahisi mno kifaa kikiachwa.

Lililobaki ni la lugha, na pengine ndilo linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Anayepewa riteina nchini Kenya kwa kawaida hupewa na karatasi ya maagizo, nayo huwa ya Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo ina maana gani iwapo haiwezi kumweleza mgonjwa kwamba asikioshe kifaa kwa maji moto kwa sababu plastiki hupinda? Kwamba dawa ya meno yenye chembe kali hukikwaruza, na maji baridi na sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha? Kwamba asinywe soda akiwa amevaa ganda angavu, kwa kuwa sukari hunaswa kati ya ganda na jino? Kwamba asikifunge katika karatasi laini mezani kwenye mkahawa wa chuo, maana mwenye kufuta meza ataitupa karatasi na kilichomo, wala asikiache mahali mbwa anaweza kukifikia, kwa kuwa mbwa hupenda kuvitafuna? Hayo yote yanasemeka kwa Kiswahili chepesi, na darasa moja la tafsiri linaweza kuyaandika kwa juma moja na kuyapeleka kwa madaktari wayahakiki.

Watafsiri watakapoketi, watakumbana na jina lenyewe. "Riteina" limekwisha kuingia katika vinywa vya watumiaji, na huenda likabaki. Wengine watapendekeza kidhibiti meno; neno kidhibiti, hata hivyo, limekwisha kubebeshwa mizigo mingi, kuanzia ya runinga hadi ya mitambo. Kishikizo hutukumbusha vifungo vya shati. Kuna neno moja la zamani linalostahili kupimwa, nalo ni gango, yaani kile kinachofungwa ili kukishikilia kitu kilichovunjika hadi kiungane. Meno yaliyohamishwa karibuni yanafanana sana na mfupa ulio katika gango: yamekaa mahali pake lakini hayajashika. Udhaifu wa neno hili ni kwamba gango huondolewa mfupa ukipona, ilhali riteina huendelea usiku baada ya usiku. Pengine hilo si udhaifu mkubwa; maneno mengi ya Kiswahili yamepanua maana kwa safari ndefu zaidi ya hiyo. Gango la meno lijaribiwe katika karatasi hizo kando ya riteina, na wagonjwa wenyewe waonyeshe ni lipi wanalolitumia wanapompigia daktari simu.

Na kwa anayetafuta mada ya tasnifu, ipo tayari. Wanafunzi watano au sita waliovishwa riteina, matini moja fupi yenye samani na thamani, sumu na thumu, zana na dhana, nao warekodiwe kwa simu siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Nusu yao wapewe vitanza ndimi vya kufanyia mazoezi, nusu waachwe wajizoeze wenyewe, kisha wasikilizaji wasiojua nani ni nani waulizwe wamesikia neno gani.